Unataka kufuga nyoka? Nenda Kaole kwanza ukaone wanavyokula

Haya vijana wa mjini, leo tunatoka kidogo nje ya jiji. Habari za nani kamwacha nani tuziweke pembeni, zitatukuta palepale tukirudi. Leo tunazungumzia nyoka, tena nyoka wa kufuga, na safari yetu inaishia Kaole, kijiji cha pwani kilicho kama kilomita 5 hivi kusini mwa mji wa Bagamoyo.

Kwa nini nyoka? Kwa sababu mambo yamebadilika, wenzangu. Zamani kijana akitaka kuonekana wa maana alitafuta viatu vikali na miwani ya jua. Siku hizi utamkuta amepiga picha na chatu shingoni, anatabasamu kama kavaa skafu. Picha ikishasifiwa na washkaji, wazo linamwingia: mbona nisiwe na wangu mwenyewe, pale chumbani Sinza au Tabata? Mbwa anabweka, paka anaiba samaki kwa jirani, lakini nyoka ametulia zake, hana kelele, hana manyoya. Raha mustarehe!

Subiri kwanza, ndugu yangu. Kabla hujatafuta sanduku la kioo, jibu swali moja tu: atakula nini? Usinijibu haraka haraka "panya". Panya gani, mkubwa kiasi gani, hai au amekufa, kila baada ya siku ngapi, na utampata wapi mwaka mzima? Hapo ndipo wengi wanapoanza kukuna kichwa. Na hapo ndipo Kaole inapokuwa darasa zuri, kwa kuwa pale unaweza kuona kwa macho yako meza ya nyoka ilivyo pale anapojitafutia mwenyewe.

KUFIKA SI KAZI

Ukiwa Dar unapanda gari la Bagamoyo, unapita Tegeta, Bunju, Mapinga, Kerege, mpaka Bagamoyo mjini. Ni safari ya kilomita zisizofika 80. Kutoka mjini unachukua bodaboda au bajaji hadi Kaole. Mwenye miguu yake anaweza hata kutembea, mradi jua lisiwe limekaza. Njiani ni minazi, mikorosho, miembe na vishamba vya watu. Upepo wa bahari unausikia kabla hujaiona bahari yenyewe.

Kivutio kikubwa ni magofu. Kuna mabaki ya misikiti miwili na makaburi yaliyojengwa kwa mawe ya matumbawe, mengine yakiwa na nguzo ndefu kichwani. Msikiti wa kale pale unahesabiwa kuanzia karne ya 13, na ni mmoja kati ya misikiti mikongwe kabisa ya bara kwenye pwani hii. Mtaalamu wa mambo ya kale, Neville Chittick, alichimba na kuyachunguza magofu hayo mwaka 1958. Vipande vya vyombo vya Kichina vilivyookotwa pale vinaonyesha kwamba wakazi wake hawakuwa washamba hata kidogo. Walikuwa na biashara na dunia nzima ya Bahari ya Hindi.

Baadaye mikoko na tope viliziba njia ya majahazi, na Bagamoyo ikaja kuchukua nafasi. Kaole ikabaki kimya, ina mibuyu yake, makaburi yake, na kisima ambacho maji yake wenyeji wanaamini yana baraka.

Ila kimya hicho kina wenyewe.

MAGOFU YENYE WAPANGAJI

Simama kwenye ukuta mmojawapo uangalie vizuri. Kwenye nyufa za matumbawe kuna mijusi, ya mchana inayoota jua na ile mijusi kafiri inayotoka magharibi. Chini ya mawe kuna vyura na mende wa kila aina. Ukielekea kwenye mashamba ya jirani, chini ya minazi na kwenye vichaka vya mihogo kuna panya wa kumwaga. Juu ya miti kuna viota, na popo wanaofuata maembe yakiiva.

Ukishaona hivyo vyote, umeshaona hoteli. Wateja wake ni nyoka, na kila mmoja ana chakula chake anachokipenda. Hili ndilo somo la kwanza la kulibeba kutoka Kaole: hakuna kitu kinachoitwa "chakula cha nyoka". Kuna chakula cha nyoka fulani. Sikiliza.

Yuko nyoka mdogo wa kahawia, hana sumu, anayependa kuingia majumbani na maghalani usiku. Huyu kazi yake ni panya wadogo na mijusi. Watu wanamuua kila siku kwa rungu na mwiko, na kumbe ni mlinzi wa mchele wao.

Yuko kifutu, yule mnene anayelala njiani kama gogo na kutoa pumzi nzito akikasirika. Yeye hahangaiki kukimbiza mtu. Anajilaza penye njia ya panya, anasubiri, hata siku kadhaa. Sumu yake ni kali, na watu wengi wanaong'atwa ni wale wanaomkanyaga gizani.

Yuko swila. Anakula vyura, panya, mayai, vifaranga, na hata nyoka wenzake. Huyu habagui sahani.

Yuko yule wa kijani kibichi anayekaa mitini, kwenye mikorosho, miembe na minazi. Wazungu wanamwita mamba wa kijani, ingawa hana undugu na mamba wa mtoni. Anakula ndege, popo na panya wanaopanda miti. Sumu yake si ya kuchezea hata kidogo.

Halafu yuko mmoja ambaye ukimsikia unaweza kudhani ni hadithi: nyoka mla-mayai. Huyu hali kingine, ni mayai ya ndege tu. Karibu hana meno. Analimeza yai zima, likifika shingoni mifupa ya uti wa mgongo iliyochongoka kwa ndani inalipasua, anakunywa ute na kiini, kisha analitema ganda likiwa limekunjwa vizuri kama karatasi. Msimu wa viota ukipita anaweza kukaa miezi bila kula. Sasa mtu anamkamata, anampeleka mjini, anamtupia panya kila wiki na kushangaa mbona hali! Atakula vipi, jamani? Ni sawa na kumpa mtoto mchanga muwa.

Na mwisho yuko mzee mwenyewe, chatu, ambaye ndiye kila mtu anamtaka. Hana sumu, anaua kwa kujizungusha na kubana. Akiwa mtoto anakula panya na ndege. Akikua anapanda daraja: sungura, kuku, kanga, na akifika mita 4 au 5, mbuzi wa mtu na swala wadogo wanaingia kwenye orodha.

KWA JIRANI, MAMBA

Hapo hapo Kaole, jirani na magofu, kuna shamba la mamba ambalo kwa miaka mingi watalii wamekuwa wakilipitia wakishamaliza kuangalia makaburi. Mamba si nyoka, najua, lakini wote ni wa ukoo mmoja wa wanyama watambaao wenye damu isiyojipasha joto yenyewe, na jambo la chakula linawaunganisha.

Mgeni wa mjini akifika pale, swali lake la kwanza huwa ni lile lile: "Hawa wanakula mara ngapi kwa siku?" Hapo ndipo anapopata mshangao. Mamba halishwi kama ng'ombe wa maziwa. Mkubwa anaweza kukaa wiki kadhaa, hata miezi, bila kitu tumboni, akawa mzima. Sababu ni kwamba wewe na mimi tunachoma chakula kingi mchana na usiku ili miili yetu ibaki na joto. Mamba na nyoka joto lao wanaliazima juani, bure. Mnyama wa damu moto mwenye uzito sawa na chatu anahitaji nishati kama mara kumi ya ile ya chatu.

Kitu kingine ambacho kila mfugaji wa mamba anakijua ni kutowachanganya wakubwa na wadogo, la sivyo wadogo wanageuka mlo. Kwa nyoka ni vilevile: usiwalishe wawili kwenye boksi moja. Wakimng'ang'ania panya mmoja kila mtu na upande wake, anayemeza kwa kasi anaweza kuendelea mpaka kwa mwenzake. Asubuhi unakuta nyoka mmoja mnene, au wote wawili wamekufa.

MAZIWA, UGALI NA UONGO MWINGINE

Sasa tukanushe uongo wa vijiweni. Kwanza, nyoka hanywi maziwa. Hadithi hii imezunguka dunia nzima, kuanzia India mpaka mitaa yetu. Nyoka aliyenyimwa maji siku nyingi anaweza kunywa chochote cha maji utakachomwekea, ndiyo, lakini tumbo lake halijaumbwa kwa maziwa na yatamuumiza.

Pili, hali ugali, wali, mkate wala chipsi mayai. Nyoka wote duniani, bila kubakisha hata mmoja, wanakula wanyama au mayai ya wanyama. Hakuna nyoka anayekula majani.

Tatu, na hapa ndipo watu wenye nia njema wanapokosea: usimkatie vipande vya nyama ya ng'ombe buchani ukadhani umemfanyia sherehe. Nyoka anamla mnyama mzima kwa sababu anamhitaji mzima. Mifupa inampa madini ya chokaa, ini linampa vitamini, ngozi na manyoya navyo vina kazi yake tumboni. Steki peke yake ni sawa na kumlea mtoto kwa soda: ataonekana anakula, huku mifupa inalegea.

Nne, usimkamatie panya wa mtaani. Panya wa Kariakoo huyo kashakula nini? Huenda kala sumu aliyotegewa na jirani, na sumu hiyo itaendelea na safari mpaka kwa nyoka wako. Kama hakula sumu, basi ana minyoo na viroboto.

MEZA YA CHATU ILIYOPANGIKA

Tuseme basi una kibali (hilo la kibali tutalifikia, usijali), na una chatu mdogo wa urefu wa mita 1. Utamchagulia vipi chakula?

Kipimo cha kwanza ni unene. Angalia sehemu nene kuliko zote ya mwili wake. Mlo wake uwe na upana unaolingana na hapo, au uzidi kidogo tu. Usidanganywe na kichwa chake kidogo. Taya za nyoka zimeunganishwa kwa mishipa inayovutika, kwa hiyo anameza kitu kipana kuliko kichwa. Akishakula uone kauvimbe kadogo tumboni. Ukiona kavimba kama kameza mpira wa miguu, umezidisha.

Kipimo cha pili ni siku. Mtoto anakula kila baada ya siku 5 hadi 7. Akikua unaongeza nafasi: wiki 2, kisha 3 au 4. Chatu mkubwa aliyekula sungura mzima anaweza kumaliza mwezi mmoja na zaidi bila kukudai. Ukimlisha kila anapokuangalia, atanenepa, mafuta yatazunguka ini na moyo, na atakufa mapema. Ndiyo, hata nyoka anapata kitambi!

Cha tatu, mpe mlo uliokwisha kufa. Najua wako wanaotaka kuona mapambano kama sinema. Acha ushamba huo. Panya aliye hai ndani ya boksi naye anapigania roho yake. Ana meno, na nyoka wengi wa kufugwa wameng'atwa macho na migongo na panya waliotupiwa humo usiku kucha. Vilevile panya mwenyewe ni kiumbe, hana haja ya kuteswa kwa ajili ya burudani yako. Wafugaji duniani kote wanatumia panya na vifaranga waliokwisha kufa, waliowekwa kwenye friza. Unamtoa, unamyeyusha kabisa, unampasha kwa maji ya moto kiasi mpaka awe na joto la mnyama aliye hai. Chatu ana vishimo kwenye midomo vinavyohisi joto. Mlo wa baridi kwake ni jiwe. Halafu mpe kwa koleo refu. Ukitumia vidole, siku moja atakosea kati ya panya na kidole gumba.

Cha nne ni joto. Tumbo la nyoka linafanya kazi likipata joto la nyuzi 27 hadi 32 hivi. Hapa sisi watu wa pwani tuna bahati, Dar yenyewe ni jiko. Shida inakuja kwa mheshimiwa anayemweka chatu chumbani na kiyoyozi kinanguruma usiku kucha. Nyoka akila kisha akapigwa baridi, chakula hakisagiki, kinaoza tumboni, anakitapika au kinamuua.

Cha tano, maji safi wakati wote, kwenye bakuli zito asilolipindua.

Na cha sita, heshimu mgomo wake. Akikaribia kujivua gamba (silo lile gamba la wanasiasa la mwaka 2011, hili ni la kweli) macho yanakuwa na ukungu na hamu ya kula inapotea. Usimlazimishe. Yule chatu mdogo wa Afrika Magharibi, ambaye ndiye nyoka anayefugwa sana Ulaya na Marekani, anasifika kwa kugoma kula hata miezi kadhaa, mwenye nyumba anachanganyikiwa na yeye wala hana habari. Kinachotakiwa ni kumpima uzito. Akishuka sana, hapo ndipo pa kumtafuta daktari wa mifugo.

CHATU ALIYESHIBA HACHEZI NGOMA

Msidhani mambo haya tumeletewa na wageni. Nchi hii ina watu waliojua tabia za nyoka kabla vitabu havijafika. Wasukuma wanasifika kwa ngoma za nyoka, na vikundi vyao vya Wagika na Wagalu vimekuwa vikishindana tangu karne ya 19. Anayeingia uwanjani na chatu anapaswa kujua jambo moja: nyoka aliyetoka kula hashikwi. Ukimnyanyua na kumzungusha na kitu kipo tumboni, anatapika ili awe mwepesi wa kukimbia. Kwa hiyo yule unayemwona anazungushwa shingoni kwa mbwembwe, tumbo lake ni jepesi. Na nyumbani ni hivyo hivyo: akishakula, muache siku 2 au zaidi, usimguse, hata kama mgeni wako wa maana kaja kupiga picha.

Huku kwetu upande wa mashariki nako nyoka hakuwa mnyama hivi hivi tu. Wazaramo na Waluguru walikuwa na Kolelo, roho kubwa iliyoaminika kukaa pangoni kwenye milima ya Uluguru kwa sura ya joka, ambako watu walikwenda kuomba mvua. Jina lake lilivuma hata wakati wa Vita vya Maji Maji, mwaka 1905. Mtu aliyekulia kwenye imani ile hakumfungia nyoka kwenye sanduku amtolee pozi. Alimfuata kwake, kwa adabu.

Na wako waliowashika nyoka kwa elimu. Yule Mwingereza C.J.P. Ionides, aliyeishi Liwale na baadaye Newala mpaka karibu na kifo chake mwaka 1968, alikamata maelfu ya nyoka kusini mwa Tanganyika na kuwapeleka kwenye bustani za wanyama na makumbusho. Nairobi wana bustani yao ya nyoka tangu 1961. Watamu, pwani ya Kenya, kuna shamba la nyoka la Bio-Ken lililoanzishwa na James Ashe mwaka 1980. Arusha kuna Meserani, tangu 1993, pamoja na kliniki inayotibu walioumwa na nyoka. Sehemu kama hizo mtu anayepanga mlo wa nyoka anafanya kazi hiyo kila siku. Kwake ni ajira, kwako itakuwa kitu cha kufanya ukishatoka kazini umechoka.

HESABU NA SHERIA

Sasa tupige hesabu kidogo. Chatu akikomaa anafika mita 3 mpaka 5, na akitunzwa anaishi zaidi ya miaka 20. Ukiwa na miaka 22 leo, utakuwa unamtafutia sungura ukiwa na miaka 42, una mke au mume, watoto watatu na mkopo benki. Sungura mmoja kila wiki 3 au 4 ni sungura 13 mpaka 17 kwa mwaka. Zidisha kwa miaka 20. Duka la chakula cha nyoka mtaani kwenu halipo, maana yake ufuge sungura na panya weupe wewe mwenyewe. Ulitaka mnyama mmoja, umejikuta na zizi! Halafu umweleze mama mwenye nyumba kwa nini kwenye friza, kando ya samaki wake, kuna panya kwenye mfuko.

Hapo bado sheria. Nyoka wa porini si kuku wa kienyeji. Chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, wanyamapori ni mali ya umma, na kumkamata au kumfuga kunahitaji kibali cha serikali. Chatu yumo pia kwenye orodha ya mkataba wa kimataifa wa CITES unaodhibiti biashara ya viumbe hawa. Mtu akikuuzia chatu kwenye kiroba pale stendi, ujue amekuuzia na kesi yake.

Na wenye sumu, yaani swila, kifutu na yule wa kijani, wala tusijadili. Mpangaji mwenzako ana mtoto wa miaka mitatu anayefungua kila mlango. Akiumwa, usichanje, usinyonye, usifunge kamba ya kukata damu. Ni kumtuliza, kutotikisa kiungo kilichoumwa na kukimbia hospitali.

"NIKISHINDWA NITAMWACHIA PORINI"

Hilo ndilo jibu la wengi. Basi waulizeni Wamarekani wa Florida. Walinunua chatu wa Burma wakiwa wadogo na wazuri, wakakua, sungura wakawa ghali, wakawaachia kwenye kinamasi cha Everglades. Wengine walitoroka. Chatu wakazaliana. Utafiti uliotolewa mwaka 2012 ulionyesha kwamba mahali ambapo chatu wamekaa muda mrefu, kuonekana kwa rakuni kumepungua kwa asilimia 99, na sungura wa kinamasi watafiti hawakumwona hata mmoja. Yote hiyo imetokana na watu ambao hawakuuliza mapema atakula nini.

Lakini kisa kinachoniuma zaidi hakitoki Florida, kinatoka vyumbani. Mbwa akiwa na njaa atalia mpaka majirani waje kukugombeza. Paka ataondoka, atajitafutia. Nyoka hana sauti. Atajikunja kwenye kona ya boksi, mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu, na wewe utawaambia wageni kwamba ni mpole sana, ametulia. Siku utakayoona mgongo umechongoka kama paa la nyumba na ngozi imejikunja ubavuni, mara nyingi umeshachelewa. Hajawahi kukulalamikia hata siku moja.

BASI TUFANYE NINI?

Ukiwa na hamu ya nyoka, panda gari Jumamosi asubuhi uende Kaole. Vaa viatu vilivyofunika mguu, usiingize mkono kwenye nyufa za magofu, na usiinue jiwe usilolijua. Ukikutana na mzee wa pale mpe shikamoo yake, kisha muulize kuhusu panya kwenye mihogo. Mazungumzo ya nyoka yatakuja yenyewe, na huenda atakwambia yule wa kahawia wa ghalani alipo.

Ukaeni mpaka jua lishuke upande wa minazi. Mijusi kafiri itatoka, popo wataanza kuruka kwenye miembe, na panya wataanza kuchakarisha majani makavu. Huwezi kumwona, lakini mahali fulani karibu na hapo yuko mmoja anaandaa chakula chake cha jioni, hakuna aliyemyeyushia kitu, na hakimgharimu mtu senti tano. Wenye mihogo ndio wanaopata faida.

Na ukirudi Dar bado unataka wako mwenyewe, anza na kibali, halafu friza, halafu sungura. Nyoka awe wa mwisho kununuliwa.